Sauti Isiyovuka Ukuta

Dada yangu anakaa Mbagala, katika nyumba ya vyumba sita ambamo yeye amepanga viwili. Chumba cha mbele hulala mwenyewe. Cha pili hulala mama yetu, ambaye tangu apatwe na kiharusi hawezi kunyanyuka bila kushikwa, pamoja na mpwa wangu, kijana wa miaka 18. Upande wa pili wa ukuta anaishi mlinzi wa usiku. Mtu huyo hurudi kazini saa moja asubuhi, hunywa chai, halafu hulala mpaka alasiri. Au niseme, ndivyo alivyokuwa akilala kabla mpwa wangu hajapata gitaa la umeme.

Gitaa lenyewe alilinunua likiwa limetumika, kwa fedha za kibarua cha miezi mitatu, pamoja na amplifaya ndogo isiyozidi ndoo ya lita kumi. Hajaenda kinyume cha sheria yoyote. Alipiga mchana, watu wakiwa makazini. Lakini mchana wa wengine ndio usiku wa mlinzi, na siku ya nne jirani akabisha hodi. "Dada, samahani," alisema, "sikuja kwa ugomvi. Mwanetu anapiga vizuri. Ila mimi sijalala tangu Jumatatu, na jana nusura nisinzie getini." Dada yangu aliona haya. Akamwita mwanawe akamwambia: nenda kwa mjomba wako, yeye ndiye aliyetuletea ugonjwa huu wa magitaa katika ukoo.

Hivyo ndivyo kijana alivyofika kwangu. "Shikamoo, mjomba. Mama amesema unichagulie hedifoni."

Niliitikia marahaba, nikanyamaza kidogo. Sababu ya kunyamaza ni hii. Kuanzia mwaka 1981 hadi 1993 nilipiga gitaa la rithimu katika bendi ya shirika moja la umma. Nafasi yangu jukwaani ilikuwa kulia kwa mpiga solo, na amplifaya yake ilipandishwa juu ya kreti ili watu wa nyuma wasikie, ikawa usawa wa sikio langu la kushoto. Miaka kumi na miwili, usiku minne kwa juma. Nilipokwenda kwa daktari wa masikio baada ya kustaafu, alinionyesha mchoro wa usikivu wangu. Mstari ulikwenda vizuri kama barabara ya lami, lakini ulipokaribia mitetemo 4,000 kwa sekunde ukatumbukia shimoni. Akasema shimo la mahali pale ni alama ya kelele, kama vile sugu kiganjani ni alama ya jembe, na kwamba vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Nyakati za usiku, nyumba ikishatulia, nasikia nyenje wakilia upande wa kushoto. Hakuna nyenje.

Basi mtu wa sikio hilo ndiye aliyeombwa amchagulie kijana kitu cha kuvaa masikioni. Nikamwambia anipe juma moja. Nilitaka kwanza nijue kitu hiki kimetoka wapi, maana nimezoea kutoamini chombo nisichojua ukoo wake.

Ukishika waya wa gitaa la umeme kwa mkono mmoja, na waya wa hedifoni kubwa za studio kwa mkono mwingine, utaona jambo ambalo wengi wetu hatulitilii maanani. Zile ncha za chuma, ambazo mafundi huziita jeki, zina unene uleule: milimita 6.35, yaani robo ya inchi. Hazikufanana kwa bahati. Zote mbili zimerithiwa kutoka kwenye bodi za kuunganishia simu za karne ya 19. Kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, Marekani, Januari 1878, na katika miaka iliyofuata ikawa desturi kwamba mhudumu akae mbele ya ubao wenye matundu, achomeke jeki hapa na pale, na kumkutanisha mtu na mtu. Mwanzoni waliajiriwa wavulana, wakaonekana watukutu na wenye maneno makali kwa wateja. Tarehe 1 Septemba 1878 Emma Nutt akaanza kazi hiyo mjini Boston, mwanamke wa kwanza kuifanya. Bodi zile zimekwisha. Jeki yake imebaki, na kila siku maelfu ya wapiga gitaa huichomeka bila kujua kwamba wanashika mkia wa simu.

Mhudumu wa simu alihitaji mikono miwili kwa kazi yake, kwa hiyo kisikizi kikafungwa kichwani. Hapo ndipo hedifoni zilipozaliwa: kazini, wala si starehe. Vifaa vya awali vilikuwa mzigo hasa. Kimoja cha miaka ya 1880 kiliegemezwa mabegani na uzito wake ulipita kilo 4. Starehe ilifuata, nayo kwa matajiri. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme ya Paris, Mfaransa Clément Ader alitandaza nyaya kutoka jumba la opera hadi ukumbi wa maonyesho, watu wakapanga foleni kusikiliza uimbaji kwa kuweka visikizi viwili, kimoja kila sikio. Baadaye kukawa na huduma ya kulipia, mtu akakaa nyumbani kwake akasikiliza tamthilia kwa waya wa simu.

Lakini hedifoni tunazozitambua leo zina baba mwingine, na kwake nimekaa muda mrefu kuliko kwa wote. Nathaniel Baldwin alikuwa mtu wa Utah, Marekani, muumini wa Kimormoni. Inasimuliwa kwamba alisumbuliwa na kutosikia mahubiri vizuri ndani ya jengo kubwa la ibada, akaanza kuchezea visikizi vyenye nguvu zaidi. Mwaka 1910 alilipelekea jeshi la wanamaji la Marekani hedifoni alizozitengeneza kwa mkono. Wanamaji walipozijaribu walishangaa. Wakati ule redio haikuwa na vikuza sauti vya maana, na ishara kutoka melini zilifika zikiwa hafifu kama mnong'ono wa mtu aliye ng'ambo ya mto. Wakataka nyingi. Baldwin akajibu kwamba anaweza kutengeneza chache tu kwa mara moja, kwa kuwa karakana yake ni jiko la nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilimtoa jikoni ikampeleka kiwandani, akatajirika, na baadaye akafilisika kwa namna ya kusikitisha. Hayo yana kitabu chake.

Ninalotaka msomaji alishike ni hili: mhudumu wa simu, Mfaransa wa opera, muumini wa Utah na baharia wa redio wote walikuwa na shida moja. Walitaka kusikia kitu hafifu kilicho mbali. Hedifoni ziliumbwa kwa ajili ya kuikamata sauti ndogo isipotee.

Gitaa la umeme liliumbwa kwa shida iliyo kinyume kabisa. Katika bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1920, mpiga gitaa alikaa nyuma ya matarumbeta na ngoma akicharaza kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia. George Beauchamp, mpiga gitaa la Kihawaii wa Los Angeles, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, aliweka sumaku na koili chini ya nyuzi za gitaa la aluminiamu lenye umbo ambalo watu waliliita kikaango. Liliingia sokoni mwaka 1932, na hataza ikatolewa 1937. Mwaka 1939 Charlie Christian akajiunga na Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme la Gibson, na ghafla gitaa likazungumza sawa na saksafoni. Kijana yule alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25, lakini mlango alikwishaufungua. Kuanzia hapo kazi ya amplifaya ilikuwa moja: kuongeza sauti, kisha kuiongeza tena.

Kwetu historia hii ilikuja kwa njia ya Kongo na kwa njia ya vyombo visivyo vyetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga akipiga gitaa kavu, mtu mmoja na vidole vyake, na rekodi zake zikasikika mpaka Nairobi na kwingineko. Gitaa la namna hiyo mtu huweza kuwa nalo chumbani. Lakini zilipokuja bendi kubwa, gitaa la umeme likawa mali ya ofisi. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilipoanza 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikahamia Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mpiga gitaa aliajiriwa, akapewa mshahara, akapigwa picha na gitaa kifuani. Lakini dansi likiisha, gitaa liliingia stoo na ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine. Katika bendi yetu ilikuwa hivyohivyo. Miaka yote ile kumi na miwili sikuwahi kulala chumba kimoja na gitaa la umeme. Nikitaka kufanya mazoezi nyumbani nilitumia gitaa kavu lenye ufa, au, likiwa kwa fundi, mpini wa ufagio.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu lisingeweza kuulizwa wakati wetu. Ili uhitaji hedifoni za kufanyia mazoezi, lazima kwanza gitaa liwe lako.

Upande wa wenzetu mambo yalikwenda haraka. Nchini Ujerumani Eugen Beyer alitoa DT 48 mwaka 1937, hedifoni zenye koili inayocheza ndani ya sumaku, yaani spika ndogo kabisa, si kile kibati cha simu tena. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alipeleka kwenye maonyesho kinanda cha sahani cha kubebeka, chenye hedifoni za stereo pembeni kama kikorombwezo. Watu wakakipita kinanda wakagombea hedifoni. Mwaka 1968 Sennheiser wakatoa HD 414, zenye sifongo za manjano na mgongo wazi, nyepesi, zikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman, na tangu hapo mtu akiwa amevaa vitu masikioni barabarani hakuna anayemgeukia. Wote hao, hata hivyo, walikuwa wakimhudumia msikilizaji. Mpiga gitaa alibaki na mlima wake wa spika.

Aliyemkumbuka ni Tom Scholz, mhandisi aliyesomea MIT, mpiga gitaa na mwasisi wa kundi la Boston. Huyu alizoea kurekodi ghorofa ya chini ya nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo alijua maana ya kuta na majirani. Mwaka 1982 akatoa Rockman, kisanduku cha kuning'iniza kwenye mkanda wa suruali: unachomeka gitaa upande mmoja na hedifoni upande mwingine, unasikia gitaa lako kana kwamba liko jukwaani, na aliyekaa kando yako hasikii kitu.  Miaka michache baadaye, katika albamu ya Hysteria ya Def Leppard ya mwaka 1987, sehemu kubwa ya magitaa ilipitishwa kwenye kisanduku hichohicho.

Hapo basi ndipo ndugu wawili wa jeki moja walipokutana: mmoja aliyezaliwa kukamata mnong'ono, mwingine aliyezaliwa kushinda tarumbeta. Na kwa kuwa hawakulelewa pamoja, hawapatani kirahisi. Hilo tulilijua Kariakoo.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Mpwa wangu alibeba gitaa na amplifaya yake kwenye mfuko wa sulubeti, kwa kuwa nilimwambia kiatu hakinunuliwi bila mguu. Duka la kwanza, jirani na Mtaa wa Msimbazi, kijana wa kaunta alitupa hedifoni zisizo na waya, ndogo, nzuri za kutazama. Mpwa akazipenda. Nikamwomba azijaribu. Zilishika amplifaya kwa kidude fulani cha kurushia mawimbi, akapiga uzi mmoja, akakunja uso, akapiga tena. Sauti ilimfikia baada ya kidole kuondoka. Ucheleweshaji wa hedifoni za kawaida za namna ile mara nyingi hupita sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mtu anayesikiliza wimbo si neno. Kwa mpiga gitaa, ni sawa na kusimama mita 34 kutoka kwenye spika yako mwenyewe, kwa kuwa huo ndio mwendo wa sauti kwa muda huo. Ipo mitambo maalumu isiyo na waya iliyotengenezewa wapiga gitaa, yenye kasi ya kutosha, lakini bei yake ingenunua gitaa la pili. Tukasema: waya.

Duka la pili ndilo lililonifedhehesha. Tulichukua hedifoni za waya, jeki ndogo ya milimita 3.5, tukaiongezea kiunganishi cha robo inchi, tukachomeka. Mpwa alinivisha mimi kwanza, kwa heshima. Akapiga. Nikasikia kwa mbali kitu kama mtu anayekuna sufuria chumba cha jirani. Nikazivua, nikamwambia muuzaji kwa sauti ya mtu mzima anayejua: hizi ni mbovu. Mpwa akazivaa, akasikiliza, akaniangalia. "Mjomba," alisema taratibu, ili muuzaji asisikie, "zinalia. Ila zinalia upande wa kushoto tu."

Kosa halikuwa la hedifoni. Tundu tulilochomeka lilikuwa la mkondo mmoja, si la stereo. Jeki ya stereo ina pete mbili nyeusi na vipande vitatu vya chuma: ncha kwa sikio la kushoto, kipande cha kati kwa la kulia, na shina kwa wote. Ukiichomeka kwenye tundu la mkondo mmoja, ncha peke yake ndiyo hupata sauti, na la kulia hubaki kiziwi. Kiunganishi sahihi hugharimu shilingi elfu chache na huigawa ile sauti moja masikio yote mawili. Hayo niliyajua zamani, tangu enzi za kuunga nyaya za bendi. Nisilolijua, au nililokuwa nimelificha hata nafsini mwangu, ni kiasi gani sikio langu la kushoto limekwenda. Niliirudisha sauti nzuri dukani nikiiita mbovu.

Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa. Nikamweleza mpwa wangu habari ya daktari na lile shimo, jambo ambalo mama yake haelewi mpaka leo. Nikamwambia: tangu sasa masikio ni yako, mimi nitauliza tu maswali. Tukaendelea hivyo siku nzima, yeye akivaa, mimi nikiuliza. Uzi mnene unavuma au unabubujika? Ukipiga nyuzi zote sita, unaweza kuihesabu kila moja? Ukiacha kupiga, unasikia nini?

Kwa njia hiyo tuligundua tatizo la nyuki. Akiweka sauti safi, hedifoni nyingi zilimfaa. Akiweka ile sauti ya kukwaruza ambayo vijana wanaipenda, zote zilitoa mlio wa mzinga uliochokozwa, na alikuwa tayari kuzikataa moja baada ya nyingine. Lakini spika ya gitaa ni kiumbe wa pekee: haipandi sana kupita mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde. Makali yote ya juu huyameza, na masikio yetu kwa miaka tisini yamezoea kuliita tunda hilo lililomenywa kuwa ndiyo sauti ya gitaa. Hedifoni hupanda mpaka 20,000, hazimezi kitu, kwa hiyo hukupa tunda na maganda yake. Scholz alilijua hilo, akaweka ndani ya Rockman sakiti ya kuiga spika. Amplifaya ya mpwa wangu haikuwa nayo. Kwa hiyo sehemu ya fedha za hedifoni ikabidi iende kwenye kisanduku kidogo cha kuiga spika, na nadhani huo ndio ushauri bora niliompa siku ile. Watu wengi wanabadilisha hedifoni mara tatu wakati mgonjwa ni mwingine.

Kuna wanaosifu hedifoni za mgongo wazi, na wana haki. Sauti hupumua, gitaa husikika kana kwamba liko mbele yako badala ya kuwa katikati ya fuvu. Peke yangu ningezichukua. Lakini hizo huvujisha, na hata kama mvujo hauwezi kumwamsha mlinzi ng'ambo ya ukuta, mama yetu amelala hatua mbili kutoka kwenye soketi ya umeme. Tukachagua zilizofungwa. Halafu ikaja habari ya omu, ambazo ni kipimo cha ukinzani. Hedifoni za studio huja za omu 32, 80, 250, hata 600, na wauzaji wengine huzungumza kama vile namba kubwa ni ubora mkubwa. Si hivyo. Namba kubwa inadai amplifaya yenye msukumo zaidi, na kisanduku cha betri hakina msukumo huo. Utafungua sauti mpaka mwisho upate kinong'ono.

Mwishowe hatukununua Kariakoo. Hedifoni nyingi tulizoonyeshwa zilikuwa na majina makubwa na bei ndogo mno, na plastiki iliyokuwa inanuka bado. Kijana mmoja wa Temeke aliyekuwa akifunga studio yake ndogo alituuzia DT 770 zilizotumika, za omu 80, sifongo za masikio zimechakaa lakini nyaya nzima. Nilimwazima fundi redio mita yake, nikapima kila upande, zikalingana. Kwa mara nyingine siku ile nikawa na faida.

Kabla sijamkabidhi, nilifanya jambo moja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hofu kubwa, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo unakatika nusu. Mtu amevaa hedifoni hapigiwi kelele na jirani. Hakuna mlinzi wa kuja kubisha hodi ndani ya sikio lako. Na zikiwa zimefungwa, ukiwa peke yako na sebene limekolea, mkono huenda kwenye kitufe wenyewe. Kwa hiyo nilimwomba dada rangi yake ya kucha, nikatia nukta nyekundu kwenye kitufe cha sauti, mahali ambapo mpwa alikuwa bado ananisikia nikimwita kwa sauti ya kawaida nikiwa mlangoni. Nikamwambia, ukipita hapa, pita ukijua. Hakucheka. Nadhani benchi la kahawa lilikwisha kusema.

Mlinzi analala sasa. Amemshukuru dada yangu kwa kilo mbili za sukari.

Nilirudi Mbagala baada ya kama wiki tatu. Nilimkuta kijana kakaa juu ya ndoo, macho kafumba, vidole vinatembea. Nilichosikia mimi ni tik-tik ya piki juu ya nyuzi, kama kuku anayedonoa bati. Sikuweza kujua anapiga nini, wala kama amekosea. Nikakumbuka Tanga, nikiwa na miaka tisa au kumi, bwana mmoja wa chumba cha jirani aliyekuwa akipiga gitaa kavu kila jioni baada ya swala. Hakunifundisha hata siku moja. Sidhani kama alijua jina langu. Rithimu yangu yote ya mwanzo niliipata kwa kuegemeza kichwa ukutani. Mtoto wa chumba cha mbele katika nyumba ya dada yangu, kama ana sikio la muziki, ataegemeza kichwa wapi?

Mama alinishika mkono. Maneno yake tangu kiharusi hutoka taratibu, lakini akili iko palepale. Akaniuliza kwa nini kijana ameacha gitaa. Nikamwambia hajaacha, ndiye huyo anapiga. Akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, na nikaona anafikiri kwamba sasa mwanawe naye ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe wiki zote tatu alikuwa akidhani kijana amekata tamaa, na kwamba kile kidude cha kichwani ni dawa ya maumivu fulani. Mwaka 1983 mama huyuhuyu alikataa kuja kunisikiliza bendi ilipopiga Tanga, akasema gitaa ni kazi ya wahuni. Sasa alikuwa akilikosa.

Mpwa wangu akavua hedifoni, akapiga magoti kitandani, akamvisha bibi yake taratibu, akaweka mtandio sawa chini yake. Akarudisha kitufe nyuma kabisa ya nukta nyekundu. Akapiga kitu cha polepole.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu, kama kila mtu aliyevaa hedifoni asiyejua kwamba amezivaa, akapaza sauti kwa nguvu zote alizobakiza:

"KUMBE NDIVYO INAVYOLIA!"

Upande wa pili, mlinzi akagonga ukuta.